Sindano Sitini na Rozari Moja

Siku daktari aliponiambia nina kifua kikuu, sikumwuliza kama nitapona. Nilimwuliza, "Sasa nani atashika daftari?" Akanitazama, akadhani homa imenipanda kichwani. Akaandika kwenye karatasi: sindano sitini, kila siku isipokuwa Jumapili, halafu vidonge mwaka mzima. Akanikataza kukaa na watu wengi chumba kimoja mpaka makohozi yangu yapimwe tena na kuonekana safi. Ilikuwa mwishoni mwa Julai, kipupwe, nami nilikuwa nimejifunga khanga mbili juu ya sweta la mume wangu na bado natetemeka.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepewa karatasi kama ile. Habari za vijidudu waachie wenye kazi zao. Mimi nitakueleza yale ya benchi, ya kikombe cha peke yako, na ya wivu, maana wivu ulinitesa kuliko sindano na hakuna mtu aliyenionya.

Kwanza daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limeshaachia nikalishona kwa uzi. Sisi Wakatoliki wa mitaa ile ya Kariakoo, wengi wetu watu wa kusini, wa Songea, Masasi na Mahenge, tulikuwa na jumuiya yetu, na kila Alhamisi jioni tulisali rozari chumbani kwangu, katika nyumba ya Bi Zena, Mtaa wa Sikukuu. Kiongozi nilikuwa mimi. Kabla hatujaanza, kila mmoja alinijia na nia yake, nikaiandika, kisha nikazisoma zote kwa sauti. Mtoto wa fulani ana surua. Mume wa fulani kasimamishwa kazi. Mama wa fulani hajaleta barua tangu Pasaka. Watu walileta mambo yao kwangu kwanza, halafu kwa Mungu, na mimi mpangilio huo niliupenda sana. Baba Skola, mume wangu, alizoea kunitania kwamba nikisoma nia wauza nyanya wa sokoni nao huitikia. Niliichukua kama sifa.

Kisha Perpetua akahamia. Alipanga chumba kinachopakana na changu, mwanamke kijana, mpole, anauza vitumbua pembeni mwa soko. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, hakurudi. Kwenye jumuiya alikaa karibu na mlango, hasemi kitu. Lakini tulipoimba, wenzetu walipunguza sauti zao ili wamsikie yeye. Mimi nikiimba hakuna aliyewahi kupunguza sauti. Hilo tu lilitosha nianze kumchukia.

Siku moja wakati wa masika alinijia, mikono ina unga wa mchele mpaka kwenye viwiko.

"Dada, naomba uniandikie nia moja."

"Nia gani?"

"Ni ya siri. Andika tu 'nia ya Perpetua', usome hivyo hivyo. Mungu anaijua."

Nia ya siri! Watu wazima na heshima zao waliniambia mpaka ugomvi wa kitandani, sembuse huyu wa juzi. Nikapitisha penseli juu ya karatasi bila kuandika herufi hata moja. Alikuwa amesimama mbele yangu, anatazama, nami nikashangaa kwamba hakunisuta. Nilipofika mwisho wa kusoma nikasema, "Na nia nyingine zote," basi. Akainamisha kichwa. Alhamisi iliyofuata akaja tena, na nyingine tena. Mara tatu alikuja, mara tatu nilimfanyia vile vile. Baada ya hapo hakuomba tena.

Wakati huo nilikuwa tayari nakohoa. Nilisema ni vumbi la soko, mvua zilipoanza nikasema ni mafua. Nikibanwa nilikohoa ndani ya mto, watu wasisikie, maana kiongozi wa jumuiya mwenye kikohozi kisichoisha angeanza kusemwa.

Karatasi ya daktari ilipoingia nyumbani, nyumba ikagawanyika. Baba Skola akahamishia mkeka wake ukumbini. Binti yetu Skolastika, miaka tisa, akapelekwa kwa shangazi yake Buguruni. Wifi yangu akanitumia salamu kwamba mtoto anakula vizuri na amemsuka mitindo mipya, na mimi badala ya kushukuru nikalia kwa sababu kichwa cha mwanangu kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nikapewa kikombe changu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na kopo lenye kifuniko la kutemea. Wapangaji wawili walimtaka Bi Zena anitoe. Bi Zena, mama mtu mzima, Mzaramo, aliyezaliwa katika nyumba ile ile, akawajibu akiwa anachambua mchele wala hakuinua uso: "Nyumba yangu hii hatoki mtu kwa kuumwa. Fungueni madirisha." Huruma ya namna hiyo watu husahau kuitaja, nami naitaja hapa.

Rozari ya Alhamisi ikahamia chumbani kwa Perpetua. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwangu.

"Dada, pole. Wenzetu wanauliza daftari."

"Limepotea," nikasema. Nilikuwa nimelilalia.

Akatazama godoro, akanitazama mimi. "Basi. Mungu anajua lilipo." Akaenda zake.

Nyumba zetu zile unazijua, ukuta kati ya chumba na chumba haufiki juu. Nilijilaza, nikatega sikio nimsikie akikwama. Bila daftari atasema nini? Atasahau nusu ya watu, watamnunia, wataniulizia mimi. Perpetua akaanza polepole, akataja kila mtu. Kumbe asubuhi, akiwa na beseni lake la vitumbua, alipita nyumba kwa nyumba kuwauliza hali. Tena alijua yaliyofuatia, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifuatilia. "Mtoto wa Mama Gaudensia, surua imemwacha, tushukuru. Kaka Gervas bado hajarudishwa kazini, tuendelee." Mwisho akasema, "Na dada yetu Mama Skola, hapo ng'ambo ya ukuta." Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Kesho yake mume wangu ananipa uji, anasema bila hila yoyote, "Anasali vizuri yule. Sauti yake inatuliza."

"Nenda basi ukamuoe."

"Mama Skola, mimi nimesema anasali."

"Na mimi nimesema nenda."

Hatukuongea siku mbili. Na uji wenyewe ulikuwa wa Perpetua, una sukari, enzi zile sukari unaipangia foleni tangu alfajiri na inaweza kuisha wakiwa wamebaki watu wawili mbele yako. Nilitaka kuukataa. Lakini ulikuwa mtamu, nikaunywa wote huku nimekasirika.

Kila asubuhi nilitembea polepole mpaka kliniki. Benchi lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio yetu. Nyuma ya pazia sindano za kioo zilikuwa zinachemka, na zikigongana tu kwenye sufuria wote tulinyamaza. Leo kulia, kesho kushoto, mpaka pande zote mbili zikawa ngumu na kukaa ni kazi. Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene wa Mtwara aliyekuchapa kwanza kidogo kwa kiganja na kukuuliza umepika nini jana. Kabla hujajibu, amemaliza. Tulikuwa tunasogezana kwenye benchi ili tuangukie zamu yake. Baada ya sindano midomo ilikufa ganzi na masikio yalivuma, nikashika ukuta njia nzima. Khanga iliyonizunguka mara moja na nusu sasa ilinizunguka mara mbili. Pete ya ndoa niliizungushia uzi isianguke. Nikimwona mwenzangu aliyefika sindano ya hamsini nilimwonea wivu hata yeye, mgonjwa mwenzangu, anakohoa kama mimi.

Kusali sikuweza. Mimi niliyekuwa namaliza rozari nzima kabla chai haijapoa, sasa nilianza "Salamu Maria, umejaa neema," kikohozi kikanikata hapo hapo. Nikirudia, naisikia sauti ya Perpetua juu ya ukuta anakwenda taratibu, hakohoi, hachoki. Nikatupa rozari kwenye kona.

Aliyenitoa huko ni Bi Zena, na hakuwa na nia ya kunifundisha. Chumba changu kilitazama uani, na kila siku nilimwona anatawadha. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo alisali ameketi kwenye kigoda. Siku moja alipomaliza nikamwita.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Hivyo hivyo. Bi Zena, wewe kila saa ikifika huwa una hamu ya kusali?"

Akacheka mpaka akashika goti. "Hamu? Ningengoja hamu ningesali kwenye Idi tu. Saa ikifika nakwenda nilivyo. Goti likikataa, nakaa. Nyinyi mnataka mpaka sauti iwe nzuri na watu wasikie. Kwani Mungu kiziwi?"

Nikamwonea wivu na yeye, kwa urahisi wake. Lakini maneno yake niliyachukua. Kesho yake nilipokwenda kliniki niliokota rozari nikaifunga kwenye pindo la khanga. Kwa kuwa nzima ilinishinda, niliamua kusali punje moja. Moja tu kwa siku, pale pale benchini, sindano zikichemka. Na kwa punje hiyo nimtaje mtu mmoja kutoka kwenye daftari. Nilizihesabu: punje za rozari, kubwa na ndogo, ni hamsini na tisa, na ukiongeza msalaba ni sitini, sawasawa na sindano zangu. Siku hiyo ilikuwa sindano ya saba. Zile punje sita za mwanzo niliziruka, maana sindano zake nilichomwa nikinung'unika. Nilifunga kipande cha uzi mwekundu pale nilipofika, nikawa nakihamisha kila siku. Msalaba, ambao wengine huanzia hapo, niliuacha uwe wa mwisho.

Ukiwa mgonjwa jaribu hivyo. Salamu Maria moja inaweza kuchukua saa nzima ukiisali na mtu mmoja tu kichwani. Nilipofika kwa Mama Gaudensia nilikumbuka nilivyosoma surua ya mwanawe mbele ya watu kwa mbwembwe na nisipite kwake hata mara moja, na anakaa mtaa wa pili. Nikamtuma Baba Skola akamsalimu. Akarudi na ndizi mbili mbivu na tukaanza kuongea vizuri tena, mimi na mume wangu, kwa ajili ya ndizi hizo.

Usidhani nilikuwa mtakatifu. Kulikuwa na mama aliyeandikisha nia ya kupata mtoto wa nne. Nikamwambia Mungu, "Mpe, lakini mimi hata wa kwanza umempeleka Buguruni." Kulikuwa na asubuhi nilizosema wazi kabisa, midomo ikitikisika chini kwa chini, "Mama Maria, leo namwonea wivu Perpetua kwa sababu ana mapafu." Nikagundua kwamba nikiutaja wivu namna hiyo, sala inaendelea. Nikiuficha, sala inakwama kooni. Wivu haukuondoka, ila ulipata mahali pa kukaa.

Na Perpetua alizidi kunipa sababu. Mwezi wa Agosti alianza kutoka kila siku saa kumi jioni, amejitanda, ameficha kitu chini ya khanga. Alhamisi alichelewa kidogo, siku nyingine hakurudi mpaka jua lizame. Nilihisi mara moja: anakwenda parokiani. Wanamfundisha uongozi, Oktoba ikifika, mwezi wa rozari, watamweka rasmi. Jumuiya zote hukutana Oktoba, mitaa yote inasali, na kwangu ule ndio ulikuwa mwezi wenyewe. Nikapiga hesabu ya siku nikaona sindano ya sitini itaangukia wiki ya kwanza ya Oktoba. Nikaapa kwamba siku hiyo, makohozi yakiwa safi, nitaingia chumbani kwa Perpetua na daftari langu mkononi, na kiti changu nitakikalia.

Majina yakaenda yakipungua. Septemba ikaisha, joto likarudi, kikohozi kikawa chepesi, sweta likarudi sandukuni. Nilipofika punje ya hamsini na tisa nilifungua daftari kutafuta jina la kuuwekea msalaba. Nilipitia kurasa zote. Kila mtu nilikuwa nimeshamwombea. Nikafika ule ukurasa wa masika, pale penseli ilipopita bila kuandika, na nafasi ilikuwa nyeupe.

Asubuhi ya sindano ya sitini nilipewa majibu: makohozi safi. Wenzangu wa benchini wakanipongeza, muuguzi wa Mtwara akanichapa kwa nguvu kuliko siku zote. Badala ya kuondoka nikarudi kukaa, nimeshika msalaba. Jina lilikuwa moja tu na halikutaka kutoka. Watu walikuja wakachomwa wakaondoka, mpaka muuguzi akachungulia kuuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Ndipo nikasema, harakaharaka, kabla sijabadili mawazo: "Perpetua, na nia yake nisiyoijua." Sala yangu nzima ya siku hiyo ndiyo ilikuwa hiyo.

Nilimkuta uani anasugua beseni lake. Nikaingia chumbani, nikainua godoro, nikatoka na daftari.

"Halikupotea," nikasema.

Akafuta mikono. "Najua, dada. Nilikuwa nasikia unavyofunua kurasa."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Hata ungenipa nisingeweza kulisoma. Kusoma nilikuwa sijui." Akacheka kwa aibu. "Sasa naanza kujua. Kila saa kumi naenda kisomo cha watu wazima, pale ofisi ya tawi. Nilikuwa naficha kibao cha kuandikia chini ya khanga, mtu mzima mimi, watoto wasinicheke."

Miezi miwili na nusu nimelilalia daftari ili kumkomoa mtu asiyejua kusoma. Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa ameshalipokea, ameketi kwenye kigoda cha Bi Zena na kulifungua magotini.

"Nionyeshe uliponiandika," akasema. "Mara tatu uliniandika, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Jina langu sasa nalijua. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza. Nataka nilione humu."

Akaanza kulitafuta mwenyewe. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, midomo inatamka herufi, p, e, akikuta Petro anasimama, anaona siyo, anaendelea. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ningeweza kumwambia kwamba karatasi ilichanika. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni.

"Perpetua, usitafute. Halimo."

"Halimo?"

"Sikuliandika. Mara zote tatu. Nilipitisha penseli tu."

"Kwa nini, dada?"

"Nilikuwa nakuonea wivu."

Kidole chake kikabaki pale pale kwenye karatasi. Maji ya beseni yalikuwa yanatiririka kuelekea kwenye mfereji na hakuna aliyeyatazama. Kisha akasema polepole, "Kumbe. Mimi nilidhani ni Mungu aliyekataa. Nilisema labda nia yangu haifai, ndiyo maana haisomwi, na ndiyo maana haikujibiwa."

Sindano zote sitini hazikuniuma hivyo. Niliketi chini kwenye saruji, karibu na miguu yake, nikamwomba msamaha. Halafu nikamwuliza, maana ilibidi nijue, "Ilikuwa nia gani?"

"Ilikuwa wewe," akasema. "Ukuta haufiki juu, dada. Nilikuwa nasikia unavyokohoa ndani ya mto. Nikaona unaficha, ndiyo maana nikakwambia ni ya siri. Nilitaka tukuombee na wewe mwenyewe usione aibu."

Perpetua akaniomba penseli. Akatafuta ule ukurasa wa masika, nikamwonyesha nafasi yenyewe, akaandika, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, herufi kubwa kubwa zinazopanda juu ya mstari. Alichukua muda mrefu sana na sikumsaidia hata herufi moja.

Vidonge nilimaliza Oktoba ya mwaka uliofuata. Skola alikuwa amesharudi kitambo, na kikombe chenye uzi mwekundu Bi Zena alikipandia mrehani. Wivu bado ninao. Nikimsikia mtu akiimba vizuri kanisani, mimi huangalia kwanza ni nani. Lakini bado nasali punje moja kila asubuhi kwa mtu mmoja, nikiwa nimeketi, kabla sijaanza nyingine zote, na mara nyingi huanza na yule anayenichoma moyo.

Alhamisi ile ya sindano ya sitini niliingia chumbani kwa Perpetua nikakaa karibu na mlango. Alitaja nia za watu wote kwa kichwa kama kawaida yake. Mwisho akafungua daftari, akasogea kwenye mwanga, akasoma mstari mmoja, herufi kwa herufi, na wenzetu wakamngoja mpaka akamaliza: "Ma-ma Sko-la a-po-ne ki-fu-a." Sauti yake bado ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikaitikia pamoja na wengine, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," wala sikukohoa.